Uchachu Aliomnyima Allah Bakhsh

Huko Multan, katika mtaa ulio nyuma ya karakana za kufuma nguo, ukitaja achari umemtaja Sughra. Malimau, maembe mabichi, pilipili, vyote hupita mikononi mwake, na mikono yenyewe imebabuka kwa chumvi. Mtu mmoja tu hakuwahi kula achari hiyo, naye ni mumewe, Allah Bakhsh. Vumbi la pamba la karakana hizo lilimkaa kifuani tangu ujana wake, na kule kila mtu anajua kuwa mwenye kikohozi hapewi kitu kichachu. Kila mtu, nasema. Ukibisha utaulizwa umelelewa na nani.

Bakhsh naye hakuchoka kuomba.

"Mama Navid, mafuta yake tu, nichovye roti."

"Chovya kwenye maziwa."

"Majirani wanalamba vidole, mimi nanusa tu! Nilioa mke au askari jela?"

"Ulioa mtu anayetaka uishi. Kula."

Alikula huku akinung'unika, na mkewe akarudi kwenye mitungi yake. Ndivyo walivyozeeka.

Baridi ya mwaka huu, ukungu ulipotanda mji mzima, Bakhsh akashikwa na nimonia, mapafu yote mawili. Akalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kazi ya jamaa wa mgonjwa ni kukaa kwenye mkeka ukumbini na kukimbilia duka la dawa kila wanapoagizwa. Navid, mtoto wao wa pekee, yuko nchi za Ghuba akijenga maghorofa ya watu wengine, kwa hiyo Sughra alikimbia peke yake na magoti yake mabovu. Alichoka. Alichoka mpaka akawa anasinzia amesimama, ameegemea ukuta.

Asubuhi moja nesi alimwagiza dawa mbili.

"Hii ya kwanza ni steroidi, ya kutuliza uvimbe wa mapafu. Na hii ni vitamini C, vile vichupa vidogo."

"Vitamini ya nini tena, mwanangu?"

"Ile iliyomo kwenye malimau, mama. Daktari anataka aingiziwe kwenye mshipa, tena nyingi."

Sughra alishika njia ya duka la dawa. Malimau! Tena yaende moja kwa moja kwenye damu! Kama kuna mtu anayejua ukali wa limau ni yeye. Alinunua dawa zote mbili, akakabidhi steroidi, vichupa akavificha ndani ya shali.

"Vitamini imekwisha dukani," alisema.

Kesho yake alisema vilevile. Nesi alishusha pumzi tu, maana dawa kukosekana si habari mpya.

Kisha Bakhsh akazidiwa. Wakamtia mpira kooni, mashine ikawa ndiyo inayompumulia. Sughra aliona yote kupitia kioo cha mlango. Nimemuua, alijiambia. Nimemuua kwa mkono wangu.

Alimkuta daktari, msichana aitwaye Tehmina, akinywa chai iliyopoa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamwekea vichupa mezani.

"Binti yangu, nimemuua mume wangu."

Tehmina alivitazama. "Ulivificha?"

"Uchachu unamaliza kifua. Niliogopa."

Daktari alikuwa na kila haki ya kufoka, lakini hata kufoka kunataka nguvu.

"Umefanya vibaya, mama. Ukiiogopa dawa yangu, njoo unigombeze, lakini usinifiche."

"Sirudii, binti yangu."

"Ila hukumuua. Vitamini hii hata sisi madaktari tunabishana juu yake. Wengine wanaiamini, wengine wanasema ni kazi bure. Mimi naitegemea steroidi na dawa za kuua vijidudu, na hizo amezipata zote. Ugonjwa wenyewe ndio mkali."

Sughra alihisi mzigo umemtoka. Lakini hakuondoka.

"Kwa hiyo vitamini isingemdhuru?"

"Sidhani."

"Na achari? Kidogo tu, na roti?"

Tehmina alitabasamu kwa uchovu, akidhani mama wa watu ameanza kupanga chakula cha siku ya kupona. "Achari imdhuru nini, mama? Asizidishe chumvi tu. Kifua chake kiliharibiwa na vumbi la pamba."

"Hata zamani? Tulipokuwa vijana?"

"Hata zamani."

Sughra alirudi kwenye kioo. Bakhsh alilala chali, mpira umefungwa kwa plasta mdomoni, midomo imekauka na kupasuka. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kwa sauti, mbele za watu, yeye ambaye hakuwa ametoa chozi tangu walipofika.

Mama mmoja wa mkeka wa jirani alikuja mbio akamshika mabega. "Amefariki, dada?"

"Yu hai," Sughra alisema. "Yu hai, na hawezi kumeza."