Maharagwe ya Jerusha

Jerusha alikuwa muuguzi wa dispensari karibu na Kosele. Mwaka 1996 watafiti walimwachia fomu ya kupima maumivu ya watoto ambayo madaktari hawakuona chanzo chake. Watoto wa kwetu ukiwauliza wanaumwa kiasi gani, wanakujibu unachotaka kusikia. Kwa hiyo Jerusha aliwapa mkebe wa maharagwe: kama huumwi, usiweke kitu, kama umezidiwa, weka manne. Mimi, jirani yake, niliandika majibu.

Mtoto mmoja Jerusha hakumpima. Alikuwa Liz, binti yake wa miaka kumi na miwili. Tangu tumzike Javan, babake, tumbo lilimsokota na miguu ikakataa kumbeba. Damu, choo, eksirei, hawakuona kitu. Kipimo kimoja tu Jerusha hakukiomba, cha ugonjwa uliomuua Javan, kwa mtoto wala kwake mwenyewe. Aliogopa. Javan naye alianza kwa tumbo na miguu, na sisi, hodari wa kuficha, tulimwambia Liz miaka miwili kwamba baba ana malaria.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," nilimwambia Jerusha siku moja, kwa hasira. "Mlete."

Alimleta kwenye keria ya baiskeli, tukamketisha mezani.

"Kichwa?" Jerusha akauliza. Liz hakuweka kitu.

"Tumbo?" Manne.

"Miguu?" Manne.

"Inazidi siku gani, nyathina, mwanangu?"

Liz alimtazama mamake. "Siku ile shuka yako imelowa jasho. Ya baba ilikuwa inalowa hivyo."

Kalamu ilinishinda. Mwezi mzima nilikuwa nafanya kazi na Jerusha, na sikujua habari ya jasho. Nilimtazama usoni, nami nikashikwa na hofu.

Liz alizoa maharagwe yake, akamsogezea mamake mkebe.

"Sasa wewe, Mama. Jasho?"

"Hii ni ya watoto, Liz."

"Weka tu. Na usiseme malaria."

Jerusha alitia mkono mkebeni. Akaweka moja. Liz akangoja. Akaongeza la pili, kisha akafumba macho, akaongeza mawili kwa pamoja.

Liz aliyahesabu kwa kidole, polepole. Hakulia. Alishika ukingo wa meza, akasimama.

"Kesho twende ukapimwe," alisema. "Baiskeli tuiache. Nitatembea."