Baba wa Benchi la Tatu

Wagonjwa wa wodi ya wanaume walimwita Taratibu, wala hawakumwita hivyo kwa kejeli. Alikuwa muuguzi mfupi, mwenye kitambi kidogo na vidole vilaini, na kila aliposhika sindano alisema neno hilohilo, "Taratibu, mzee wangu, taratibu," mpaka mgonjwa akashtukia sindano imeshaingia na kutoka. Miaka kumi na tisa alikuwa katika wodi ile. Ndugu za wagonjwa walimfokea kwa sababu dawa zimechelewa, madaktari wakamfokea mbele ya ndugu haohao, na yeye akawajibu wote kwa sauti ya mtu anayebembeleza kichanga. Wenzake walisema bwana huyu hata nyoka akimuuma, atamwomba radhi kwanza ndipo atafute dawa.

Nyumbani alikuwa na mke, muuza vitambaa dukani siku sita za juma, na watoto wawili. Wa kwanza binti wa miaka kumi na minne, ambaye tangu achaguliwe kuongoza timu ya mpira wa kikapu ya watoto wa mtaa wao, hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Nahodha. Wa pili mvulana wa miaka kumi na miwili, amekwenda juu bila kunenepa, mpaka watu wakamwita Kijiti. Timu yao ilichanganya wasichana na wavulana, na kila Jumamosi asubuhi ilicheza kwenye uwanja wa saruji wa shule ya msingi, wenye makapu mawili na mabenchi manne ya mbao upande mmoja.

Taratibu mwenyewe hakuwahi kucheza mchezo wowote unaohitaji kuruka. Kanuni za kikapu alijifunza kwenye simu wakati wa mapumziko ya chai, akazijua kama anavyojua vipimo vya dawa. Hakukosa mechi hata moja. Alibadilishana zamu, akaomba ruhusa, akasingizia misiba miwili ambayo haikuwapo. Siku zote alikaa benchi la tatu, katikati. Mabenchi mengine wazazi walibanana bega kwa bega, lakini lile la tatu lilikuwa na nafasi ya watu watatu kulia kwake na watatu kushoto. Alidhani ni heshima. Labda kwa sababu ya sare yake nyeupe, aliwaza, labda wanaona mtu wa watu ametoka kazini, wacha akae kwa raha.

Jumamosi tunayoisimulia ilikuwa ya nusu fainali. Wakati watoto wanapasha mwili moto, aliona tena kitu cheupe kwenye masikio ya Kijiti. Pamba. Jumamosi ya nne sasa. Alishamuuliza, mtoto akajibu, "Yanawasha kidogo tu, baba." Alimlaza kitandani, akamulika ndani kwa kurunzi ya hospitali, akakuta masikio safi kama sahani mpya. Akahitimisha kuwa ni vumbi la uwanja, akaridhika.

Mechi ilikuwa kali. Kufikia robo ya tatu ubao ulisoma thelathini na moja kwa thelathini na moja. Kijiti aliangushwa chini ya kapu, refa akapuliza filimbi, akampa mitupo miwili huru. Mtupo wa kwanza uligonga chuma ukarudi. Taratibu akasimama kumtia moyo. Mtupo wa pili haukugusa hata chuma. Taratibu akapanda juu ya benchi, akamtia moyo zaidi, kisha akamgeukia refa kumkumbusha kanuni moja aliyoona ameisahau, kisha akamgeukia mtoto wa timu pinzani, namba saba, aliyekuwa amemwangusha mwanawe. Ungemuuliza hapo angekuapia kwamba anashangilia kama wazazi wengine.

Mpira ulikuwa mikononi mwa Nahodha. Alitakiwa kuurusha ndani mchezo uendelee. Badala yake aliukumbatia kifuani, akatembea mpaka kwa refa, mwalimu wa kike aliyevaa kofia, akasema kwa sauti iliyofika kila benchi:

"Mwalimu, naomba yule baba atolewe."

"Baba yupi?"

"Yule, wa benchi la tatu."

Taratibu akageuka nyuma kuangalia ni nani anayesemwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Unamfahamu?" refa aliuliza.

"Ndiyo. Ni baba yangu."

Vichwa vya mabenchi yote vikageukia benchi la tatu. Hata watoto wadogo waliokuwa wakicheza na mawe pembeni waliacha. Taratibu alibaki amesimama juu ya benchi, mkono mmoja bado hewani, mdomo wazi. Alijaribu kucheka.

"Mwalimu, usimsikilize, huyu anatania. Mwanangu huyu."

Refa alimsogelea. "Mzee wangu, nilikuonya wiki iliyopita, nikakuonya na wiki ya juzi. Wewe ukanicheka. Leo nahodha wa timu ameomba, na mimi nakubali. Tafadhali."

Kweli aliwahi kumwambia kitu. Taratibu alikumbuka: alipiga paja akacheka, akadhani mwalimu anamtania kwa namna anavyoupenda mchezo. Alishuka kwenye benchi. Mguu ukakosa ardhi kidogo, hakuna aliyenyoosha mkono. Alipita mbele ya mabenchi yote, na jambo lililomchoma si macho yaliyomtazama, bali yale yaliyoinama. Alipofika sawa na Kijiti, mtoto aligeukia kapu.

Nje ya geti palikuwa na jukwaa dogo la zege lililobeba tangi la maji. Akakaa hapo. Vidole vyake, kwa mazoea ya kazi, vilishika kifundo cha mkono wake mwenyewe vikahesabu mapigo. Mia moja na ishirini na nne. Angekuwa mgonjwa, angemwita daktari.

Akiwa hapo, alitoka mwanamke aliyevaa miwani, simu mkononi. Alimpita, akasita, akarudi.

"Samahani, kaka. Mimi ni mama wa namba saba."

"Namba saba yupi?"

"Yule uliyemwambia ana miguu ya fisi."

"Mimi?" Taratibu aliinuka. "Dada yangu, umenifananisha. Mimi ni muuguzi. Siwezi kumwambia mtoto wa mtu maneno hayo."

Mwanamke yule hakubishana naye. Alisema tu kwamba baba wa mtoto wake yuko kikazi mbali, na kila Jumamosi humrekodia mumewe mechi ili amwone mwanawe. Ya wiki hii hataweza kumtumia. Akabonyeza simu, akamwekea mbele ya uso.

Palikuwa na watoto wanakimbia. Halafu sauti ikaanza. Ilikuwa nene, imepasuka, na ilifunika kila kitu, filimbi na vishindo vya mpira. "Mikono gani hiyo, umezaliwa huna mifupa? Unalia? Haya lia, watu wakuone! Refa, macho umeyaacha nyumbani kwa mumeo? Na wewe namba saba, miguu ya fisi, mguse tena mwanangu uone!"

"Nani huyo?" Taratibu aliuliza.

Aliuliza kweli, hakuwa anajifanya. Mwanamke akageuza simu kidogo. Picha ilikuwa imehama kutoka uwanjani ikaenda kwenye mabenchi. Juu ya benchi la tatu alisimama mtu mfupi mwenye sare nyeupe, mishipa ya shingo imemtoka, mate yanaruka, na huku na huku kwake palikuwa patupu.

Taratibu alirudi kukaa. Ameona mengi katika wodi ile, ameona viungo vya watu visivyopaswa kuonekana, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumfanya afumbe macho. Sasa aliyafumba.

"Ni kila wiki?" aliuliza.

"Sisi tumecheza nanyi mara tatu," alisema mama wa namba saba. "Mara zote tatu."

"Namba saba... anaendeleaje?"

"Anacheza. Ila aliniuliza kama kweli anakimbia kama fisi."

Yeye ambaye kazi yake ilikuwa kupata neno la kumwambia mtu asiye na neno, alikosa hata moja la kuomba radhi. Yule mama akamwambia, "Haya, kaka, pole," akarudi ndani. Pole yake ilimuuma kuliko tusi.

Mechi iliisha. Kutoka kwenye geti alisikia upande wa wageni ukishangilia, akajua wamefungwa. Halafu watoto wa timu yao wakaanza kutoka, na Taratibu akapigwa na butwaa la pili: walikuwa wanacheka. Wamefungwa kwa pointi moja, wametolewa kwenye mashindano, na Kijiti alikuwa mbele yao wote akiigiza jinsi mpira wake ulivyolipita kapu kama haulijui, Nahodha ameshika mbavu. Hakuwahi kuwaona watoto wake wakicheka hivyo baada ya mechi. Alidhani wao ni watu wa kununa wakifungwa.

Walipomwona, kicheko kikafa. Hakikupungua, kilikatika palepale.

Walitembea watatu kurudi nyumbani, yeye nyuma. Walipofika kwenye duka la vyuma vya baiskeli, Kijiti alitia vidole masikioni akatoa pamba, akaifutika mfukoni kimyakimya. Ndipo Taratibu alipoelewa. Akasimama katikati ya njia.

"Kijiti. Masikio hayawashi."

Mtoto alimtazama dada yake.

"Mwambie tu," Nahodha alisema.

"Hayawashi, baba. Ni ili nisikusikie. Nikikusikia mikono inakufa." Akaongeza haraka, kana kwamba hilo ndilo kosa lenyewe, "Nimeitoa kwenye begi lako la kazi. Nachukua kidogo tu."

Mkewe alirudi jioni, akamkuta amekaa jikoni na sare ileile. Akamsimulia yote, pamoja na ya simu. Alitegemea mshangao. Mkewe alivua viatu, akajimwagia maji miguuni, akasema:

"Nilikwambia mara tatu, baba watoto. Mara ya mwisho ulisema wanawake hatujui michezo."

"Kwa nini hukunishika shati ukanikalisha?"

"Ningekushikaje, niko dukani? Sikiliza. Wiki nzima unameza. Daktari akikutukana unameza, ndugu wa mgonjwa akikutukana unameza. Jumamosi unakwenda kuwatapikia watoto. Ukitaka kutapika, tafuta pengine."

Jumatatu alikwenda shuleni kabla ya zamu, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu mpaka refa alipotoka. Aliomba radhi akiwa ameandaa hotuba, akasema nusu yake. Refa akajibu kwamba radhi yake ameipokea, lakini mwenye kuombwa hasa ana miaka kumi na mmoja na anavaa namba saba. Ikamchukua wiki mbili kumpata. Mtoto alimsikiliza huku akikuna goti, akasema, "Sawa, baba," kisha akamuuliza kama ni kweli hospitali wana mashine ya kuona mifupa. Wakazungumza mifupa karibu nusu saa.

Mwezi mzima hakukanyaga uwanjani. Jumamosi alichukua zamu za wenzake, na kazini akaanza jambo lililowashtua: daktari mmoja alipomfokea mbele ya wagonjwa, alimwambia kwa upole kwamba akiwa na malalamiko, waende ofisini. Wodi nzima ikageuza shingo. Daktari naye alibaki ametoa macho, lakini ofisini walikwenda.

Msimu mpya ulipoanza, Kijiti ndiye aliyemwambia aje. Nahodha aliweka masharti: akae benchi la mwisho, asisimame, na kanuni za refa amwachie refa. Alikaa mikono chini ya mapaja. Mara moja ilimponyoka sauti, "Kij...!" na mabenchi yote yakageuka. Akajiziba mdomo kwa leso. Benchi lake halikujaa siku hiyo. Wiki ya tatu mzee mmoja alikuja akakaa, si karibu sana.

Siku moja, Nahodha akimsaidia kuanika nguo uani, Taratibu alipata ujasiri wa kuuliza lililomkaa moyoni.

"Siku ile uliogopa?"

"Nilitetemeka. Ndiyo maana niliukumbatia mpira. Ningeudunda, ungenitoroka."

"Na kama ningekataa kutoka?"

Binti alikung'uta shuka, akalitupa juu ya kamba. "Ningetoka mimi. Nisingerudi nyumbani siku hiyo. Ningekwenda na Kijiti kwa shangazi. Nilishampigia simu usiku wa kuamkia siku hiyo, akasema godoro lipo."

Shangazi huyo ni dada yake Taratibu, wa tumbo moja. Walikuwa wameongea tangu siku ile si chini ya mara kumi, habari za bei ya saruji, habari za mguu wake unaomsumbua, na hakumdokezea hata neno. Taratibu alisimama na kibanio cha nguo mkononi, akimtazama mwanawe akinyoosha pembe za shuka. Alihisi mapigo yake yanakwenda mbio, na safari hii hakuyahesabu.

"Nipe hicho kibanio, baba," Nahodha alisema, akinyoosha mkono.

Akampa.