Kikombe Nilichokiacha Kimejaa

Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, alfajiri, nilikuwa jikoni kwangu Kamwokya, hapa Kampala, nikiliaga kopo la sukari. Nililiaga kwa heshima zote, kama mtu anayemsindikiza mgeni aliyekaa sana: nikalifunika, nikalipandisha juu ya kabati nisikoweza kufika bila kigoda, kisha nikakipeleka kigoda chenyewe kwa jirani.

Jirani huyo, mwanamke wa Kongo ya mashariki anayeuza vitenge, ndiye chanzo cha yote. Tulikuwa tumeanza kukimbia pamoja asubuhi, kutoka mtaani kwetu kukipanda kilima cha Kololo, na kila siku pumzi zilituishia mahali palepale, mbele ya lango jeusi lenye mbwa. Mwanzoni mbwa alitubwekea. Baadaye alinyamaza, akawa anatutazama tu.

"Yaya," jirani, ambaye kwao dada mkubwa huitwa hivyo, aliniambia siku moja, ameinama, mikono magotini, "hii mbwa inatuhurumia. Tuache sukari, ao tuache kilima."

Tukaacha sukari. Mandazi, kabalagala zetu za ndizi, soda na juisi za pakiti vikapigwa marufuku. Asubuhi tulikula yai la kuchemsha na parachichi. Mchana maharagwe na dodo, mchicha wetu wa huku. Jioni samaki na matoke yasiyo na mbwembwe. Tulibishana juu ya ndizi mbivu, hasa zile ndogo tamu, hadi jirani alipotoa hukumu: "Hiyo sukari Mungu mwenyewe aliitia. Sisi tulikatazana ya dukani." Atakayevunja mkataba angekipanda kilima akiwa amebeba mkoba wa mwenzake. Mkoba wa jirani yangu nilikuwa nimeuinua mara moja tu. Ndani yake mna vipande vya vitenge vya kuwaonyesha wateja, mwavuli, kufuli la duka na, naamini kabisa, pasi ya mkaa.

Hofu ya mkoba ule ilinifaa kuliko nia yangu njema. Asubuhi moja tulilipita lango jeusi bila kusimama, na mbwa akainuka kwa mshangao. Tangu hapo nikawa mtu wa kuchosha. Kule Wandegeya ninakofundisha, wenzangu walianza kukumbuka shughuli nyingine kila nilipokaribia meza yao na kiazi changu cha kuchemsha.

Katika majivuno hayo ndipo wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliponichukua twende Kisenyi kumwona binti ambaye mwanawe alitaka kumwoa. Ni nyumba ya Wanubi kama yetu, na binti amelelewa na bibi yake. Katika familia zetu, chai ya siku hiyo huipika binti mwenyewe, na kikombe cha kwanza humpa shangazi wa kijana. Shangazi akikimaliza, upande wetu umekubali. Jambo hili nalijua tangu utotoni. Halikuhitaji kuelezwa na mtu.

Binti akaja, macho chini, kikombe juu ya kisahani. Harufu ya tangawizi na karafuu ilinifikia kabla yake. Nikagusisha midomo. Ilikuwa tamu ajabu, tamu ya mtu aliyekuwa akiongeza kijiko kila alipopatwa na wasiwasi. Na mimi, ambaye akili yangu yote ilikuwa kwenye mkoba, nikakirudisha kikombe mezani, nikasema kwa sauti ya upole kabisa, "Hongera mwanangu, inanukia vizuri. Kuna maji?"

Wifi alinikanyaga mguu. Nikadhani ananihimiza nikae vizuri, nikanyoosha mgongo. Maji yakaja. Nikayanywa yote.

Jioni simu ikalia. Alikuwa mtoto wa kaka yangu.

"Shangazi, mke wangu umemkataa kwa kosa gani?"

"Nani kamkataa? Binti mzuri, ana adabu..."

"Chai yake umeiacha, maji umemaliza. Bibi yake amekiweka kikombe kabatini kama kilivyo, anamwonyesha kila anayeingia."

Kisha nikafanya kosa la pili, nikamtuma akaeleze kwamba shangazi yake anafanya mazoezi na ameacha sukari. Jibu la bibi lilirudi upesi: mtu mzima mwenye afya haogopi sukari, bila shaka ukoo huo una ugonjwa unaofichwa, na yeye hatoi mjukuu gizani. Binti akamwomba kijana asiende tena kwao mpaka wazee wasikilizane. Wifi alipopiga simu kunitetea, bibi alimkata kwa sentensi mbili: "Maneno ya posa hayapiti kwenye simu. Aliyeacha kikombe aandike mwenyewe."

Majuma yakapita nikirarua karatasi. Kila barua niliyoianza iligeuka somo la lishe. Kijana naye alikonda kuliko mimi, bila kukimbia hata hatua moja. Siku alipokuja kwangu akakataa hata yai, jirani alimtazama, akanigeukia.

"Yaya, ulifunga kinywa siku yenye ilikuwa ya kufungua."

"Na mkataba wetu?"

"Mkataba uko. Mkoba pia uko."

Akaniletea kigoda. Nikalishusha kopo la sukari, si kwa kunywa, bali lisimame mezani mbele yangu, nisije nikasahau ninaandika juu ya nini. Barua niliyoituma ndiyo hii:

*Kwa Bibi yetu mheshimiwa,*

*Salaam aleikum. Naandika mwenyewe kama ulivyoagiza.*

*Katika ukoo wetu hakuna ugonjwa ninaouficha. Kuna mwanamke mmoja tu aliyetaka kukishinda kilima, akaacha sukari, akasahau kwamba kikombe alichopewa hakikuwa chakula chake. Kilikuwa swali la mjukuu wako, nami niliombwa jibu, nikaomba maji.*

*Siku yangu mimi ya kuposwa, Bibi, kwa kiwewe, niliitia chai chumvi badala ya sukari. Shangazi wa mume wangu aliinywa yote bila kukunja uso, kisha akauliza kama imebaki. Nilijua ukweli jioni, nilipoyaonja masalio. Mama yule ameshatangulia mbele ya haki. Tangu siku ile mpaka anafariki, sikuwahi kumnyima kitu.*

*Naomba ruhusa nije tena Ijumaa, baada ya swala. Nitakuja kwa miguu kutoka Kamwokya, na jirani yangu atakuwa shahidi. Mwambie binti aipike kama alivyoipika, asipunguze hata kijiko. Na kama mikono itamtetemeka akakosea kopo, pia asijali.*

*Nitakimaliza, na nitauliza kama imebaki. Jumamosi asubuhi, mtu akikusimulia kwamba amemwona mama mzima akikipanda kilima cha Kololo amebeba mkoba usio wake, usiulize ni nani. Ni mkwe wako.*

*Shangazi wa kijana.*