Baba Yangu Alilala Ameketi

Nilishuka Morogoro kwa sababu lori lilikataa kwenda mbele. Tulitoka Sumbawanga na magunia ya maharage, tukalala Mbeya, tukalala Makambako, tukateremka Kitonga kwa gia ndogo huku utingo akiimba kuficha woga, na Mikumi tukasimama kuwapisha tembo. Safari yangu ilikuwa ya Dar es Salaam. Asubuhi, pale Msamvu, dereva alifungua boneti, akatazama ndani, akaifunga. Nikainua macho nikaiona milima ya Uluguru imejifunika wingu hadi mabegani. Nimeishi Tunduma, Kahama, Mererani na Mtwara, na kote huko niliingia nikijua nitaondoka. Morogoro nilidhani nitakaa.

Nilipata chumba Kihonda, nikawa nabeba matofali. Jirani yangu, fundi viatu mcheshi aliyewahi kuigiza michezo ya jukwaani, ndiye aliyenipeleka kwenye kazi ya kuumwa. Chuo kimoja cha udaktari kilitafuta watu wazima wa kujifanya wagonjwa, ili wanafunzi wajifunze na kufanya mitihani kwao.

"Wewe una mvi na sura ya mtu aliyenyimwa usingizi," aliniambia. "Kipaji hicho unakipeleka kwenye matofali?"

Yeye alipewa kidole tumbo, na alilia vizuri mno mpaka wakamwomba apunguze. Mimi nilipewa moyo uliochoka: kikohozi, miguu kuvimba, pumzi kukatika. Mkufunzi akanieleza kwamba kuna jambo moja nisiloruhusiwa kulitamka mpaka niulizwe. Mgonjwa huyu hawezi kulala chali. Usiku anakesha ameketi, kwa sababu akijinyoosha anaona kama anazama.

Hapo sikuhitaji mkufunzi. Baba yangu alilala ameketi mwaka wake wa mwisho, mgongo ukutani, blanketi magotini. Nilimpeleka hospitali mara kadhaa. Alikuwa Mfipa wa zamani, mtu ambaye usipomsalimu hakuambii hata jina lake. Daktari kijana aliuliza bila kuinua uso, "Shida?" Baba akajibu, "Kikohozi kidogo." Tukapewa dawa ya kikohozi, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Alikufa ameketi. Basi nilipovaa shuka tulilopewa siku za mitihani nilimvaa yeye, pamoja na ukaidi wake wote.

Watafiti nao walikuwapo. Walichunguza namna wanafunzi wanavyofunzwa, wanavyofanya mitihani, na msaada wanaoupata wanapolegalega. Walifunga kamera ukutani, kwa ridhaa ya wanafunzi, na waliahidi kwamba mtu anaweza kujitoa muda wowote. Kila mwanafunzi akitoka, dada mtafiti aliniuliza, "Ungekuwa unaumwa kweli, ungependa kurudi kwa huyu?" Mara nyingi nilijibu hapana. Wanafunzi waliingia wakikimbizana na kengele ya kumaliza muda, wakinimwagia maswali kama mtu anayemwaga mahindi ya kuku. Mtahini, bwana mnene wa miwani, alikaa pembeni akiweka alama za vema.

Kisha akaingia binti mmoja kutoka milimani, upande wa Matombo. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana. Nani amekuleta?" Akaweka mto nyuma yangu. Akaniuliza nimekula nini. Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu cha nyumbani, akasema, "Na usiku unalalaje?"

Wanafunzi wote wa siku ile, yeye peke yake aliuliza. Nikamwambia. Akanitazama kwa namna ambayo ningetaka baba yangu atazamwe. Alikuwa anasikiliza kifua changu wakati kengele ilipolia, kabla hajamweleza mtahini ugonjwa wangu kwa Kiingereza, kama mtihani ulivyotaka. Mtahini akasema, "Muda umekwisha," akageuza karatasi.

Alifeli. Nilijua aliponifuata kwenye benchi la nje, mimi na fundi viatu tukinywa chai.

"Baba, nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Nimepewa sapu, nirudie mtihani. Nikifeli tena nimedisko, chuo basi, narudi kwa mama kwenye ndizi."

"Punguza salamu, dada," fundi viatu akamwambia. "Huyu mzee si mgonjwa. Mshenzi tu huyu, jana kala ugali wa watu wawili."

Binti alicheka, lakini macho hayakucheka. Alitueleza kwamba watafiti walimhoji kuhusu msaada anaouhitaji. Aliwaambia anahitaji mtu wa kufanya naye mazoezi ya kueleza ugonjwa kwa Kiingereza, na saa, ajizoeze muda. Wakamwambia ni hoja nzuri sana, wakamshukuru, wakampa soda. Mpaka siku ya sapu, hoja nzuri sana ilikuwa bado ni hoja nzuri sana.

Siku hiyo aliingia mbio. Wenzake walikuwa wamemfunda.

"Umri?"

"Nimezeeka," nikajibu kama baba.

"Shida?"

"Kikohozi kidogo."

"Tangu lini? Kina damu? Unavuta sigara?"

Nilimjibu neno mojamoja. Moyoni nilikuwa namsukuma: kimbia mwanangu, kimbia, umalize. Akaweka kile kifaa cha masikioni kifuani pangu, kisha akasimama. Akakivua. Akanitazama uso mzima.

"Samahani baba. Shikamoo."

Mtahini akakohoa na kutazama saa. "Marahaba, mwanangu," nikaitikia. Akaweka mto. Akauliza analouliza mtu anayetaka kujua: unalalaje, nani anakesha na wewe, unaogopa nini. Nikamwambia yote. Akasikiliza kifua, akabonyeza miguu, akamgeukia mtahini na kufungua kinywa. Kengele ikalia.

"Ni moyo," alisema kwa Kiswahili, haraka.

"Kengele imelia," mtahini akajibu.

Dada mtafiti alipokuja na swali lake nilimwambia ningerudi kwa huyu hata kwa miguu. Akatabasamu. "Hilo ni muhimu sana kwetu," akasema. Binti akafukuzwa chuo.

Nilikutana naye sokoni miezi kadhaa baadaye, anapokea mikungu ya ndizi kutoka kwenye gari la milimani, kanga kiunoni, mama yake akihesabu. Aliniona kabla sijajificha.

"Shikamoo baba! Siku hizi unalalaje?"

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke.

Kisha tukaitwa kwenye kikao cha kuonyeshwa matokeo ya utafiti. Ukumbi ulikuwa na wageni, wanafunzi wapya, sambusa mezani. Mtafiti mkuu alizungumza juu ya mawasiliano mema na mgonjwa, akawasha projekta. Nikajiona ukutani, mvi zangu na shuka langu. Mwanafunzi aliyekuwa mbele yangu alikuwa amefichwa uso kwa ukungu, lakini sauti waliiacha.

"Samahani baba. Shikamoo."

"Huu," akasema mtafiti mkuu, "ndio mfano tunaotaka muuige."

Wanafunzi wapya wakaandika. Mtahini wa miwani alikaa mstari wa mbele, anapekua simu. Nikasimama.

"Huyo binti yuko wapi?"

"Mzee, hatuwezi kutaja washiriki. Ni siri."

"Sijauliza jina. Nimeuliza yuko wapi."

Fundi viatu akanivuta shati. "Kaa bwana, sambusa bado."

"Utafiti hauingilii mambo ya mitihani," mtafiti mkuu akasema kwa upole, kama anayemwelekeza mtu choo kilipo. "Ni idara mbili tofauti."

Idara mbili, jengo moja, ngazi moja, na birika la chai walikuwa wanachangia. Nilitoka.

Kesho yake nilipanda hadi kwao, kwa gari na kisha kwa miguu, kwenye njia inayopita katikati ya migomba na mdalasini. Niliona ana haki ya kujua. Alikuwa anapalilia na mama yake. Nilimweleza, na mwanzoni hakuelewa.

"Kwa hiyo wananifundishia?"

"Ndiyo."

"Wanawaambia wafanye kama mimi?"

"Ndiyo, mwanangu."

Mama yake aliuliza jambo kwa Kiluguru, akajibiwa, akatema mate pembeni. Binti alikaa chini kwenye majani makavu ya migomba. "Walisema naweza kujitoa muda wowote," akasema. "Waambie nimejitoa. Sauti yangu waitoe."

Nilishuka na ujumbe huo, nikampelekea dada mtafiti ofisini kwake. Alisikitika kweli, sitamsingizia. Alisema haiwezekani tena, picha imeshatumwa kwa wafadhili na vyuo vingine, na isitoshe uso haumo, kwa hiyo kitaalamu si yeye.

"Mlipotaka kumtoa chuoni hamkuchukua hata wiki," nilimwambia. "Yeye anapotaka kujitoa, hatoki?"

Akasema nisipaze sauti, kuna mtihani unaendelea. Nikasikia kengele.

Nilikusanya vitu vyangu Kihonda siku hiyohiyo. Kesho yake niliondoka na basi la Dodoma, nikakaa kiti cha mbele ili nisiitazame milima nyuma. Dumila basi liliposimama, wauza vitunguu na nyanya wakiwa wamejaa madirishani, simu ikaita. Alikuwa fundi viatu.

"Ndugu, wamenipa nafasi yako. Nimefanyia mazoezi ile pumzi, mke wangu kakimbia akidhani nakufa. Sasa hili la kulala, niliseme vipi?"

"Usiliseme mpaka wakuulize."

"Na wasipouliza?"

Mama mmoja alinyanyua ndoo ya sado yenye vitunguu hadi usoni pangu, nikatikisa kichwa.

"Wasipouliza unaenda nyumbani na dawa ya kikohozi," nilimwambia. "Unaegemea ukuta, unakufa."

Basi likaondoka.