Mwiko Mzuri Uliomdanganya Kyalo

Saa mbili asubuhi, kibandani Kawangware. Duncan Kyalo amebana mwiko wa jakaranda katikati ya magoti na anaupiga msasa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani. Tezo ameishika mkewe, Nduku, na kila akikosea, Kyalo anafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Pole pole, Mama Kasyoka. Fuata mti unavyokwenda."

"Si uje ushike mwenyewe!" Nduku anamjibu, na papo hapo anajuta. Maneno yamemtoka tu.

Kyalo, mkazi wa Soweto East kule Kibera, amechonga miko tangu ujana wake. Zamani alitoa ishirini kwa siku. Sasa wawili hao wakifikisha sita, wanashukuru Mungu.

Mwaka jana, akiwa kibandani humu humu, tezo ilimdondoka. Mdomo ukaenda upande, maneno yakamtoka kama ya mlevi. Jirani yake Oloo, fundi viatu, akamkimbiza zahanati.

Daktari akasema ni kiharusi kidogo. "Lakini dawa sikupi kabla ya picha ya ubongo," alimwambia. "Kama mshipa umeziba, kuna dawa ya kuzuia damu isigande. Kama umepasuka, dawa hiyo hiyo inaweza kukumaliza. Nenda hospitali kubwa sasa hivi."

Wakatoka. Kumbe njiani mkono ukarudiwa na nguvu, na ulimi nao ukafunguka. Kyalo akageuza njia, moja kwa moja hadi kibandani. Kwa wachongaji wenzake, mkono hupimwa kwa mti: ukichonga shingo ya mwiko bila kutetemeka, wewe ni mzima. Akachonga. Aisee, ulitoka laini, haukuwa na kasoro hata moja.

"Nikamwonyesha Oloo. Nikamuuliza, mgonjwa anachonga hivi?" anasimulia, ulimi ukiburuta. "Akaniambia, 'Kyalo, twende bana. Hiyo picha itakuuma wapi?' Nikamcheka. Sikio la kufa, ndugu yangu..."

Methali haimalizi. Anapangusa macho kwa kiwiko, vumbi la mti linabaki shavuni.

Baada ya siku chache aliamka, mkono haukuamka. Ndipo picha ikapigwa. Mshipa ulikuwa umeziba. Dawa ya mapema huenda ingemwokoa, daktari alisema, na hiyo "huenda" ndiyo inayomnyima Kyalo usingizi.

Mwiko wenyewe unaning'inia juu ya mlango. Mteja mmoja anauulizia bei.

"Huo hauuzwi, mama," Kyalo anasema. "Sijawahi kuchonga mzuri kama huo. Na ndio ulionidanganya."

Wachongaji vijana wakipita, huwaonyesha, akiwasihi: mkono ukifa ganzi hata kidogo, usiujaribu kwa tezo, kimbilia hospitali upigwe picha. Na ana ahadi moja.

"Siku Mama Kasyoka atachonga mmoja wa kuushinda huo, nitautoa hapo tusongee ugali. Mpaka siku hiyo, ukae niuone."

Nduku anautazama mwiko wa mlangoni. Kisha anaokota kipande kipya cha jakaranda na kuvuta kigoda karibu na mumewe.

"Haya, Baba Kasyoka. Shingo inaanzia wapi?"