Bunduki ya Upepo ya Shemeji

Mume wa mdogo wangu ni seremala, na sitamnyima haki yake: kitanda alichokitengeneza yeye hakilii, hata kilaliwe na watu wa namna gani. Ila ana kasoro moja, nayo inatosha nyumba nzima. Kazi ndogo anaiona inamdhalilisha. Mwambie akubunie ngazi ya kukunjika, atakuja mbio hata kabla ya chai. Mwambie mguu wa kiti umelegea, atakujibu "kesho", na kesho yake sote tunaijua. Hiyo ngazi alishaitengeneza, kwa taarifa yako. Ilikunjika yeye akiwa juu yake.

Mtaani wanamwita Injinia. Wanamvisha kilemba cha ukoka, naye anakivaa na kukaza.

Mdogo wangu alipoachishwa kazi ya kufua mashuka hotelini, alijifungia ndani akawa haongei na mtu, mpaka nikaanza kumwogopea. Kilichomtoa kitandani ni kuku. Mtetea wake mwekundu aliangua vifaranga, na yeye akarudi kuwa mtu. Anaamka mapema, anaimba, anavipondea punje za mahindi kwa jiwe, anajua kipi mlafi na kipi kinaonewa na wenzake. Nilifurahi, nasema kweli. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu ambacho bosi hawezi kumnyang'anya.

Kumbe kunguru naye ni bosi. Banda la wale kuku lilikuwa na kuta nne na mlango, juu wazi. Kunguru alikuwa anatua kwenye ukuta wa choo, anageuza shingo huku na huku kama mnunuzi sokoni, kisha anashuka na kuchagua.

"Mume wangu," mdogo wangu alimwambia, "nipigilie fremu tu hapo juu. Wavu ninao."

Fremu! Vipande vinne vya mbao na misumari, kazi ya asubuhi moja kwa mtu anayeishi juu ya rundo la mbao. Injinia alimtazama kunguru, akamtazama mkewe, akatabasamu kwa huruma.

"Ukifunika banda, kunguru anabaki hai," alisema. "Kesho atarudi. Huyu anataka bunduki."

Ndiyo ikaanza bunduki ya upepo. Aliokota kipande cha bomba nene cha kutunzia hewa, akatafuta pampu ya baiskeli na valvu ya tairi kuukuu, na bomba jembamba likawa mtutu. Ukipampu, upepo unajaa; ukifyatua, unasukuma goroli ya udongo mkavu. Hayo yote aliyaunga haraka haraka, kwa sababu hayakuwa mbao.

Kitako ndicho kilichokula siku. Alichukua ubao wa mninga aliokuwa ameuweka kwa ajili ya mlango wa kabati la mteja, akaubana kwenye jiriwa, akauchonga kufuata bega lake, kisha kufuata shavu lake, kisha akaona shavu limenenepa akachonga upya. Akaweka nakshi za majani. Akapiga msasa, akapaka vanishi, akangoja ikauke, akapiga msasa tena. Na kila mkono wa vanishi ulipokauka, kifaranga kimepungua.

"Leo kimekwenda kile cha shingo nyeupe," mdogo wangu alikuja kumwambia kule karakanani. "Nimekiona kikining'inia mdomoni mwa kunguru. Mume wangu, nakuomba ile fremu."

"Vumilia. Vanishi haijashika."

Mimi nilikuwapo. Nikadakia: "Shemeji, kwani kunguru anangoja vanishi?"

"Shemeji, mambo ya ufundi tuachie mafundi," alinijibu, huku akipuliza vumbi kwenye majani yake ya mninga.

Fundi bomba, jirani yetu, alipita kuiona hiyo bunduki. Huyo ni mtu wa maneno machache. Aliomba maji ya sabuni, akayapaka pale mtutu unapokutana na bomba la upepo, akamwambia Injinia apampu. Povu likaota palepale.

"Panavuja, ndugu yangu. Weka mpira, kisha ukaze."

"Nimeunga viungo maisha yangu yote," Injinia alisema. "Kiungo kikiwa na mwanya, dawa yake naijua."

Na dawa aliyoijua ni ile ya maseremala wote wakikosea kipimo: unga wa mbao na gundi. Akaukanda mchanganyiko wake, akaujaza kwenye mwanya, akaacha ukauke, akapiga msasa, akapaka vanishi. Akapitisha kidole. Laini! Kwa shemeji yangu, kisichohisiwa na kidole hakipo. Kwenye kabati sawa, mteja haoni. Upepo haukuja kutazama kabati.

Siku ya kuijaribu alifunga karakana na kuita majirani. Vifaranga vilikuwa vimebaki vitatu, mdogo wangu kavifungia jikoni chini ya beseni.

"Vitoe," Injinia aliamuru. "Kunguru hatashuka bila chambo."

"Usivitoe," nilimwambia mimi.

Mdogo wangu alitutazama wote wawili. Nafikiri bado alikuwa anataka kumwamini mume wake. Alivitoa, akaviweka bandani na mama yao.

Kunguru akatua. Injinia akapampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, akaweka kitako begani, shavu likakaa pale lilipochongewa, jicho moja akafumba. Lazima niseme, alipendeza. Akafyatua.

Paf! Ule unga na gundi vilichomoka kwa mkupuo vikamjaa usoni. Goroli ilitoka mdomoni mwa mtutu kivivu, ikadondoka karibu na vidole vyake vya miguu. Mtetea alishtuka, akaruka ukuta, akaacha wanawe. Watu walicheka, wengine walikimbia, na kunguru, ambaye hakuwa na sababu ya kukimbia, alishuka akabeba kimoja. Akaja mwenzake akabeba cha pili. Injinia alikuwa bado anatafuta jicho lake ndani ya ule unga.

Mdogo wangu aliruka ndani ya banda akakiwahi cha tatu. Alikikumbatia kifuani akatoka nacho getini. Aliporudi alikuwa na seremala wa mtaa wa pili, msumeno begani.

Yule bwana alipima banda, akakata mbao zake, akaanza kugonga. Injinia alisimama mlangoni na bunduki yake, unga wa mbao umemganda kwenye nyusi, akasema kona ile haijakaa mraba. Nyundo ikasimama. Yule bwana alimtazama, kisha akamsogelea mdogo wangu na kumwambia kwa sauti ya chini:

"Dada yangu, mimi naona aibu. Hii ni nyumba ya fundi."

"Fundi gani?" mdogo wangu akauliza, wala hakushusha sauti. "Pigilia."

Akapigilia.