Unga Uliosimama Majimoto

Ilikuwa mwaka 1986. Hapana, nimekosea. Mwaka 1986 Fundi Pankrasi alikuwa bado anashona suti za maharusi, mikono yake mizima. Safari ya Majimoto ilikuwa 1991, maana nakumbuka marobota ya mitumba yalikuwa yamekwisha kujaa sokoni Songea, na shati la mzungu lilikuwa rahisi kuliko kitambaa cha kushonea shati. Basi iwe 1991.

Mimi ni mnoa visu. Naitwa Daimu, mtu wa Tunduru, shule niliishia darasa la nne. Nilikuwa nazunguka na baiskeli yenye jiwe la kunolea, leo Mshangano, kesho kutwa Madaba, na kila nilipopita Mjimwema nilinoa mkasi wa Pankrasi. Ndivyo tulivyojuana. Alikuwa Mngoni mwembamba, mtaratibu, rozari shingoni na tepu ya kupimia juu ya rozari. Kushona alijifunza misheni akiwa kijana. Akikupima mara moja, hakupimi tena mpaka unenepe. Mitumba ilipoingia, mafundi wenzake walifunga vibaraza vyao. Yeye hakununa, alianza kupunguza suruali za mitumba.

"Wazungu wana matako makubwa, Daimu," aliniambia. "Nitakula humo humo."

Ila vidole vilimgeuka. Baridi yabisi ilianzia kidole gumba, ikaenea mikono yote miwili, vidole vikajikunja kama vya kuku aliyekufa. Hospitali walimpa vidonge, vikaisha, wakampa vingine. Kila asubuhi mkewe, Kunegunda, alimfunga mikono kwa vitambaa vya flaneli vyenye mafuta ya nyonyo. Siku moja nilirudisha mkasi nikamkuta anajaribu kutunga uzi kwa meno, machozi yanamtoka. Nikashindwa kunyamaza, nikamwambia habari za Majimoto. Ni chemchemi iliyo ndani ya msitu wa hifadhi, mbele ya Madaba, na watu wenye maumivu ya mifupa walikuwa wanakwenda kuoga.

"Yanachemka?" aliuliza.

"Juu yanachemka. Chini, yanapokutana na mto, mtu anaoga."

"Mimi hata maji ya karai naogopa."

Kunegunda akadakia kutoka jikoni: "Ndiyo maana unanuka mafuta ya cherehani! Nenda na shemeji. Mikono isipofunguka, hiyo cherehani tunaiuza, na jembe pia hutalishika. Tutakula nini, baba?"

Pankrasi alitazama cherehani yake kama mtu anayetazama mgonjwa. Keshokutwa yake tukapanda lori la mahindi.

Kwenye kizuizi cha msitu alitupokea Mama Skolastika, mama mtu mzima, mke wa mlinzi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla hatujatua mizigo akauliza, "Unga mmekuja nao?"

Tulikuwa nao, kibaba kimoja. Nilijua ungetakiwa, maana hata bibi yangu kule Tunduru alikuwa anamwaga unga akitambika. Mama Skolastika akatupa masharti ya pale.

"Mgonjwa asiuguse. Wewe mwenzake utaumwaga jioni chini ya mti wa ukingoni, taratibu, usimame kama kichuguu. Asubuhi mkiukuta umesimama, aingie. Mkiukuta umeanguka, mrudi kwenu mpaka mwaka mwingine. Msibishane nao."

"Nao akina nani?" Pankrasi aliuliza.

"Wenye pale." Akachutama kuchochea moto wake. "Mwaka jana mtu mmoja aliukuta umeanguka, akaingia kwa ubishi. Akakanyaga kwenye jicho la juu la chemchemi. Mimi ndiye niliyemvuta mguu. Ngozi ilinibaki mkononi kama soksi."

Njiani Pankrasi alinishika kwa kiwiko, maana vidole havikushika kitu. "Padre akisikia nimemwagiwa unga porini?"

"Padre hana vidole vyako."

"Na wewe Mwislamu je?"

"Nitatanguliza bismillahi."

Akacheka. Sikumsikia akicheka tena safari ile.

Msitu ule sikuupenda. Miti ilikuwa imefungana juu hadi mchana ukawa kama magharibi, na majani yalidondosha maji ingawa mvua haikuwapo. Mbega wa nyuma tuliwaacha wakipiga kelele, wa mbele walikuwa kimya. Kisha ikaja harufu ya mayai viza, kisha mvuke. Udongo ulidunda chini ya nyayo kama una shimo ndani yake. Jicho la juu lilikuwa dogo tu, upana wa ungo, linatokota polepole, na chura alikuwa amelala pembeni, mweupe, ameiva. Pankrasi alimtazama chura yule muda mrefu.

Nilisema bismillahi, nikaumwaga unga, ukasimama vizuri. Kiasi kidogo nilikibakiza mfukoni. Tukalala kwenye kibanda cha nyasi walichojengewa wagonjwa. Usiku sina la kusimulia, nilikuwa nimechoka nikalala kama gogo.

Alfajiri nilitoka. Pankrasi alikuwa amejifunika gubigubi, amegeukia ukuta. Nikaenda mtini. Unga ulikuwa umetawanyika huku na huku, kichuguu hakuna. Nyayo sikuziona, majani yalikuwa mengi. Niliogopa, sisemi uongo, nilitaka kukimbia na kuiacha baiskeli yangu Songea ioze. Halafu nikamkumbuka anavyotunga uzi kwa meno. Mwaka mwingine? Mwaka mwingine cherehani ingekuwa kwa mtu. Nikapiga magoti, nikakusanya uliokuwa safi, nikaongeza ule wa mfukoni, nikausimamisha upya. Ukasimama. Kisha nikaenda kumwita.

"Pankrasi, njoo uone. Umesimama."

"Umesimama?"

"Umesimama."

Alikuja akaona. Akashika rozari kwa viganja viwili kama mtoto anavyoshika kikombe. Nilidhani ni heshima ya mahali. Alitazama unga, akatazama miti, akanong'ona, "Basi. Wamekataa nisirudi." Akajifungua vitambaa kwa meno, akaviweka mkobani, akateremka.

Mvuke ulimfunika. Nilimsikia anasali Salamu Maria, haraka haraka, kisha nikasikia ukelele ambao hadi leo hunijia nikisikia maji ya chai yakitokota. Nilimwita, hakuitika. Nikaingia kwenye mvuke nikipapasa kwa fimbo, kila hatua nangoja udongo ufunguke. Nilimkuta amekaa kwenye maji ya chini, mikono yote ndani, mguu wa kulia umebabuka mpaka kifundoni. Alikuwa ameteleza kwenye mchirizi wa maji ya moto akiteremka, na hakutoka. Alikaa pale pale, analia, anaoga.

Nilimbeba mgongoni hadi kwa Mama Skolastika.

Sasa sikilizeni. Vidole vilifunguka. Si vyote, kidole kidogo cha kushoto kilibaki kimekunjamana, lakini mkasi alishika. Mguu ulipona na kovu, ukawa mzito, akajifunza kukanyaga pedeli kwa ule wa kushoto. Cherehani haikuuzwa. Alipunguza suruali za mitumba miaka minane mingine.

Mwezi mmoja baada ya safari, Kunegunda aliniita uani.

"Shemeji, kule ulimpa mwenzio unga ashike?"

"Hapana. Mgonjwa hagusi."

"Mbona vitambaa alivyorudi navyo nilivifua maji matatu? Unga uligandamana ndani ya mikunjo kama uji."

Nikakaa chini palepale penye ndoo. Kumbe aliamka kabla yangu. Aliuvuruga mwenyewe, kwa woga, ili turudi nyumbani bila yeye kusema anaogopa. Kisha mimi, kwa huruma yangu ya kijinga, nikamwita aje aone unga alioubomoa kwa mikono yake umesimama tena.

Nilikaa na jambo hilo miaka. Siku moja, ananipunguzia koti, nilimweleza yote niliyoyafanya chini ya mti ule, kisha nikamuuliza. Alisimamisha cherehani. Akalamba ncha ya uzi, akautunga sindanoni kwa vidole vyake, mara moja tu, ukapita. Akaendelea kushona. Mwaka 1999 tulimzika Mjimwema, na Kunegunda nilipomuuliza alitikisa kichwa tu. Swali lenyewe lilikuwa hili: Pankrasi, asubuhi ile ulipoteremka majini, ulidhani ni nani aliyeusimamisha unga?